Dominic Angefunga

Masasi, Jumapili, 5 Agosti 1973

Mama Julia amenipa daftari hili. Anasema siku hizi nasema peke yangu nikinyoa ndevu, na yeye amechoka kuitikia maneno asiyoambiwa. "Andika humo, Baba Julia. Ukimaliza njoo ule." Haya, naandika.

Habari ya leo: timu ya mpira wa kikapu ya wilaya imefufuliwa, na maiti nimekabidhiwa mimi. Katibu wa michezo, Ndugu Justin, alinikuta natoka kanisani akanishika mkono wa shati. Mashindano ya mikoa ya kusini yanaanza mwezi huu. Kocha hakuna. Mwalimu Selestini, yaani mimi, yupo. Nikamwambia nafundisha asubuhi, jioni nina elimu ya watu wazima, mgongo unauma. Akasema, "Ndiyo maana tumekuchagua, mwalimu, wewe ni mtu wa kujitolea." Mtu akikuita wa kujitolea umekwisha.

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, anaonea haya urefu wake mwenyewe. Anaitwa Lucian, ametoka Kitangari, kule juu Newala. "Jirani kabisa na kina Dominic," akasema Justin, macho yanameremeta. Hapo nikaelewa nimeletewa nini.

Niandike habari za Dominic mara moja nisirudie, maana nina hakika nitazisikia mpaka niugue. Nilipohamishiwa huku kutoka Sumbawanga mwaka 1969, Dominic tayari alikuwa jina kubwa. Kwa macho yangu nilimwona akifunga vikapu vya mfululizo mpaka refa akasahau kupuliza filimbi. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na miaka miwili iliyopita akavuka kwenda kupigana na Wareno. Tangu hapo timu ikafa. Tangu hapo pia sijasikia mtu Masasi akilitaja jina lake ila kwa kulisifu.


Jumatano, 8 Agosti

Bomba halitoi maji. Watu wazima walisinzia darasani, nami nikasinzia.


Jumamosi, 11 Agosti

Mazoezi ya kwanza. Wachezaji wote wanapakia magunia kwenye ghala la ushirika. Ndiyo desturi hapa, timu ndiyo inakupatia kazi ghalani, na ukiachwa na timu kazi inapewa mwingine. Kwa hiyo wamekuja wamechoka, nami nimechoka, tukatazamana.

Huyu Lucian anakimbia vizuri. Akiruka anaigusa ringi, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya hapa tangu yule mwingine. Lakini mpira! Anaudaka kama sufuria la moto. Akiwa peke yake anafunga. Akisogelewa na mtu, mikono inakufa.

Tulipomaliza, Justin akaja na bahasha ya khaki, akatoa jezi nyekundu namba saba, ya Dominic, waliyoitunza tangu aondoke. Nikamnong'oneza, "Mwenyekiti, ee, Katibu, subiri kidogo. Mpe namba nyingine." Hakusubiri. Akampa mbele ya wote kwa hotuba. Lucian aliipokea kwa mikono miwili na sikuona furaha yoyote usoni pake.


Jumamosi, 25 Agosti

Nachingwea wametufunga nyumbani kwetu, 41 kwa 22. Lucian kikapu kimoja.

Waliokuja kutazama walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na wote walikuja kumwona Dominic. Hawakumwona, wakakasirika. Aliyewaongoza ni Fakihi, Myao mwenye duka la vyombo karibu na soko. Mwaka mzima hazungumzi nami ila ananiuzia vikombe. Siku ya mechi tumbo lake linasimama mbele ya watu wote na sauti inatoka humo. Lucian akidondosha mpira, Fakihi: "Wewe Mmakonde! Huo ungekuwa ming'oko ungeudaka kwa mikono na meno!" Ming'oko ni viazi pori vya huku, wanavichimba porini. Watu wakaanguka kwa kucheka. Lucian akikosa goli, Fakihi anaweka mikono kichwani: "Dominic angefunga!" Na kiwanja kizima kinaitikia: Dominic angefunga. Dominic angefunga. Mpaka watoto wa darasa langu la nne.

Nilimwuliza Justin tukitoka, huyo Dominic alianza lini? "Sitini na saba." Na mwaka huo wa kwanza alichezaje? Akanitazama kama nimeuliza kama jua linachomoza. "Toka siku ya kwanza aliyogusa mpira, mwalimu. Toka siku ya kwanza."


Jumatatu, 3 Septemba

Korosho zimeanza. Kiwanja chetu ndicho chenye sakafu ya saruji peke yake hapa mjini, kwa hiyo chama cha ushirika kimeanika korosho juu yake. Nilikwenda kulalamika. Nikaambiwa zao la taifa haliwezi kupisha mchezo. Sina nguvu za kubishana na zao la taifa. Tutafanya mazoezi pembeni, kwenye mchanga, ambako mpira haudundi.


Alhamisi, 6 Septemba

Mchanga. Mpira haudundi.


Jumapili, 16 Septemba

Jana tulicheza Newala. Tumefungwa 37 kwa 30, ambayo kwa hali yetu ni sherehe.

Lori la ushirika lilitupandisha tangu alfajiri. Kuanzia Chiungutwa vumbi lilitugeuza wote rangi moja, na tulipofika juu tukakuta ukungu na upepo wa baridi. Newala iko juu mno, maji yako chini mno. Wanawake tuliwapita njiani wakipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, kimya, wanaokoa pumzi.

Lucian alicheza vibaya kuliko siku zote. Ndio kwao huku. Walimpigia makofi kabla hajafanya lolote, kwa sababu ya namba ile mgongoni. Kufika kipindi cha pili walikuwa wameacha.

Wakati wa kurudi alikaa karibu nami juu ya magunia. Kwa kawaida hasemi. Nikajua ana jambo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Tumekuwa wote tangu asubuhi, Lucian."

"Nauliza tu. Dominic mwaka wake wa kwanza alikuwa hivi?"

Ningeweza kumdanganya. Pengine mwalimu mwema angemdanganya. Nikamwambia kweli: sijui, mimi nilimkuta tayari amekuwa Dominic.

"Mimi nilikuwa mdogo," akasema. "Nakumbuka anarudi nyumbani na viatu vya raba tu. Wanasema toka siku ya kwanza."

"Wanasema."

Tukaanza kuteremka. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepanga mizigo yake, kwamba Dominic alicheza na alivuka, alifanya yote mawili. "Hili la mpira limenishinda. Hilo la pili halihitaji kudaka mpira."

Nikamwambia asiseme upuuzi. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Hawa vijana wakisema ndiyo mwalimu hujui kama wamekubali au wamekufungia mlango.


Jumamosi, 22 Septemba

Justin kaja nyumbani, kakalia kiti changu. Anataka Lucian atolewe kwenye timu kabla mwezi haujaisha. Wazee wa kamati wanauliza kwa nini jezi ya Dominic inavutwa kwenye matope. Nikamwambia matope tuliyaleta sisi siku ile ya bahasha. Hakupenda.

Alipoondoka Mama Julia akasema, "Wewe unampenda kijana huyo?" Nikasema sijui, nimechoka tu kumhurumia. Akasema hilo silo alilouliza.


Jumanne, 25 Septemba

Mwenyewe nimeanza. Leo mazoezini Lucian alikuwa peke yake chini ya ringi akakosa, na nikasikia kichwani mwangu, wazi kabisa: Dominic angefunga. Nilimwona Dominic misimu miwili tu, ya mwisho na bora kuliko yote, na ndiyo ninayompimia huyu ambaye bado hajamaliza wake mmoja. Najua hivyo. Na bado nampimia.


Jumatatu, 1 Oktoba

Ramadhani. Joto. Mabibo yameoza chini ya mikorosho, mji mzima unanuka kama kilabu cha uraka, pombe yake.


Jumamosi, 6 Oktoba

Nimefanya jambo leo, niliandike kabla sijajitafutia sababu.

Lindi walikuja. Korosho zilifagiliwa kwa muda, tukapewa kiwanja chetu kama wageni. Kipindi cha kwanza Lucian alidondosha mpira, akakosa, akadondosha tena. Fakihi amefunga saumu, midomo imekauka, na bado alikuwa anapiga kelele kuliko timu nzima ya Lindi. "Mtoeni! Mtoeni huyo mchimba ming'oko! Dominic angefunga amelala!" Watu wote wakadakia: Mtoeni! Mtoeni! Justin akanigeukia, amekunja uso, akaonyesha benchi kwa kidole.

Nikamtoa.

Kijana alikuja akakaa kando yangu. Justin akasema, "Avue na hiyo jezi." Mbele ya watu. Mimi nilikuwa na ulimi mdomoni na sikuutumia. Lucian akavua, akaikunja juu ya magoti yake vizuri, akabaki kifua wazi mpaka mwisho wa mchezo, mikono imefunika mbavu. Watu walinyamaza. Sikuelewa kwa nini wamenyamaza ilhali wamepata walichokuwa wakitaka.

Tulipomaliza Fakihi alinijia mbio.

"Mwalimu, nani kakwambia umtoe mtoto?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Wewe! Tangu Agosti unapiga kelele atolewe!"

"Mimi ni Myao, yule Mmakonde! Mimi ni mtani wake, bwana! Nisipomtukana mimi nani amtukane, wewe? Unataka nimpigie makofi akikosa? Siku nikinyamaza ndiyo ujue hafai!" Alikuwa anatetemeka kwa hasira ya kweli, na njaa. "Miaka yote hii uko hapa, hujui utani ni nini? Kwenu Ufipa mnataniana na ng'ombe?"

Kwetu watani tunao, tena wakali. Lakini wa watu wengine nimewaona miaka minne nikadhani ni ugomvi.

Nikamwuliza tu, kwa kujitetea: basi Dominic mbona hujamtania hata siku moja? Kila siku ni sifa.

Hasira ikamtoka. Akatazama upande wa kusini, kana kwamba mtu angeweza kumsikia.

"Dominic yuko kwenye risasi," akasema. "Mtu yuko kwenye risasi umtanie, halafu impate? Huyo anasifiwa tu mpaka arudi."


Jumatatu, 8 Oktoba

Asubuhi jezi namba saba ilikuwa juu ya jiwe letu la mlangoni, imefuliwa, bado na unyevu. Nilikwenda ghalani. Lucian hakufika kazini.


Jumatano, 10 Oktoba

Hajafika. Mwenzake wa ghalani anasema aliaga: anakwenda kwao Kitangari, halafu mbele. Nikauliza mbele wapi. Akainua mabega.

Mbele ya Kitangari ni mteremko na mbele ya mteremko ni Ruvuma. Mwezi huu maji yamepungua, kuna sehemu watu wanavuka kwa miguu. Na ng'ambo kuna mabomu yamefukiwa njiani, na ndege. Dominic alivuka akiwa na vita yake, ya baba yake na mama yake. Huyu anavuka kwa sababu amekosa vikapu na mwalimu mmoja akamwacha kifua wazi.

Mama Julia hakunikemea. Alisema tu, "Kesho nenda." Kesho hakuna lori. Kesho kutwa hakuna lori. Mafuta yote yanakwenda kwenye kuhamisha watu vijiji vipya.


Jumamosi, 13 Oktoba

Dominic amekufa.

Habari zimeletwa na mtu aliyetoka ng'ambo. Amekufa tangu Septemba, amezikwa hukohuko. Mji umeduwaa. Fakihi amefunga duka. Justin amekaa kwenye ngazi za ofisi yake kama mtu aliyesahau funguo. Kesho kuna lori la kwenda msibani, Kitangari, kwa mama yake, Mama Valeria. Nimeomba nafasi. Nimechukua ile jezi nimpelekee mama.

Nimeona aibu kuandika hili lakini naliandika: niliposikia, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba sasa Lucian hatamfikia kamwe. Aliye hai anaweza kuzeeka, akanenepa, akakosa. Huyu sasa hatakosa tena.


Jumatatu, 15 Oktoba

Tulirudi jana jioni sana, sikuweza kuandika. Sasa watoto wanafanya zoezi la hesabu na mimi naandika haya mezani kwangu.

Msiba bila maiti ni msiba mgumu, watu hawajui watazame wapi. Walikaa kwenye mikeka chini ya mikorosho, wanawake upande wa nyumba, wanaume upande wa njia. Nyumba ya Mama Valeria imeshawekwa alama, mvua zikiisha naye anahamia kwenye mstari wa kijiji kipya. Yeye alikaa kizingitini, mwembamba, hana machozi. Tulimpa pole mmoja mmoja. Nikaenda na bahasha yangu mkononi, jezi ndani.

Sikumfikia. Fakihi alinipokonya bahasha.

"Kitu cha marehemu ni cha watani," akasema kwa sauti. Na hapo nikaona Wayao wengine wanne watano wa Masasi wamesimama nyuma yake, mmoja amejipaka majivu usoni, mwingine amevaa kanga ya mtu kichwani. Nikatazama kushoto na kulia, natafuta atakayewazuia. Hakuna aliyejisumbua. Wazee walisogeza mikeka, wakawapa nafasi.

Fakihi alivaa jezi namba saba. Ilimkataa. Akavuta, akaingiza tumbo, akavuta tena, mshono wa kwapani ukapasuka mwaa! na watoto wakacheka kwanza. Mmoja akasimama juu ya kinu ameinua tenga kichwani, ndilo goli. Wakachukua boga la mtu jikoni, ndio mpira. Fakihi akajinyoosha, akageuza shingo upande kidogo, akatembea. Nami nikamwona Dominic. Wallahi, kama wanavyosema wenyewe, nilimwona: mwendo wake ule wa kutupa miguu, mkono unaopangusa pua. Baadhi ya wanawake wakaanza kulia.

"Huyu ni Dominic," akatangaza mwenye majivu. "Mwaka wa sitini na saba! Mechi ya kwanza!"

Fakihi akapokea boga, likamponyoka. Akaliokota, likamponyoka. Akafumba macho, akalirusha, likaangukia kwenye jungu la maji. Akakimbia na boga huku anatazama miguu yake, akamkumba refa, akamwomba msamaha refa, akamwomba msamaha mti. Kisha akakaza uso, akakata katikati ya watu wote, akaruka na tumbo lake lote, akalitumbukiza boga kwenye tenga, akazunguka uwanja mikono juu, anashangilia, anabusu watu. Na mwenye majivu anamfuata nyuma analia: "Goli letu! Dominic! Umefunga goli letu wenyewe!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo. Walijishika. Mzee mmoja alitoa meno yake ya bandia. Na kila mmoja akaanza kuongeza la kwake: na ile ya Lindi alipoingia amevaa kaptura nyuma mbele! Na ile ya kukosa goli yuko peke yake, ringi iko hapa yeye yuko hapa! Miaka miwili walikuwa wameyabana vifuani kwa kuogopa risasi, sasa yalitoka yote. Nikamgeukia Justin. Justin, wa toka siku ya kwanza, alikuwa anafuta machozi kwa leso.

"Kweli kabisa," akasema akihema. "Kamati tulikaa vikao viwili tumtoe. Nilisahau, mwalimu. Haki ya Mungu nilisahau."

Mama Valeria pale kizingitini alikuwa anacheka na kulia pamoja, mdomo umefunikwa na kanga. "Alirudi akalia hapahapa," akasema. "Akasema hagusi mpira tena. Nikamwambia basi kachote maji. Akaenda bondeni, aliporudi na ndoo akasema afadhali mpira."

Ndipo nikamwona Lucian. Alikuwa mwisho kabisa, nyuma ya wanaume, amesimama. Begani alikuwa na blanketi lililofungwa na kisufuria kimening'inia. Kando yake watu wawili nisiowajua, na mizigo kama yake. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Fakihi kwa uso wa mtu anayeambiwa jambo kwa lugha anayoijua nusu.

Fakihi naye alimwona. Akamrushia boga.

Lucian alinyoosha mikono. Likamponyoka, likapasuka miguuni pake.

"Ndiye huyu!" akapiga kelele Fakihi. "Dominic kafufuka! Mnaona? Ndiye yuleyule!"

Watu wakalipuka. Lucian akatazama mbegu za boga kwenye vidole vyake vya miguu. Nilifikiri atageuka aende. Mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipokaa chini pale pale na blanketi lake, akacheka mpaka kisufuria kikawa kinagonga.

Mama Valeria akamwita. Akaenda, akapiga magoti. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Unakwenda wapi na sufuria la mama yako?"

Lucian akakishika kisufuria kisigonge.

"Mwanangu alivuka kwa sababu ya watu wake walioko kule. Wewe unavuka kwa ajili ya nani?"

"Mama, mimi..."

"Wa kumlilia ninaye mmoja. Usinipe wa pili kwa ajili ya mpira."

Fakihi alivua jezi kwa shida, akampa mama. Mama akalitazama lile tundu la kwapani. "Mimi nitaivaa wapi hii?" akasema, akaiweka begani kwa Lucian, juu ya blanketi.

Lori lilipopiga honi nilimtafuta. Nilitaka kumwambia nimekosa. Sikumpata, wala wale wawili sikuwaona. Tumeondoka bila yeye.


Alhamisi, 18 Oktoba

Hakuna habari. Nimepiga kengele ya mapumziko kabla ya wakati, watoto wamefurahi.


Jumatatu, 22 Oktoba

Amekuja! Kwa baiskeli ya kuazima, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka kandambili, jezi ndani ya mfuko wa plastiki. "Mwalimu, shikamoo. Mazoezi ni saa kumi bado?" Nikamwambia ni saa kumi bado. Nikamwomba radhi ya siku ile. Akatazama chini akasema, "Yamekwisha, mwalimu," na sijui kama yamekwisha.

Mtu mwingine alikuwa ameshachukua nafasi yake ghalani. Nilikwenda kwa Justin. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Akaandika kibarua cha kumrudisha kazini bila kuniangalia.


Jumatano, 24 Oktoba

Amedondosha mpira. Ameokota. Nimeona tu kwamba ameokota haraka.


Jumapili, 4 Novemba

Jana tulicheza na Mtwara mjini, hapa kwetu, mechi ya mwisho. Wingu zito lilisimama tangu saa sita, la mvua ya kwanza, halikunyesha. Watu wa ushirika waliharakisha kuzoa korosho, wakatuachia kiwanja kinachoteleza kwa mafuta yake.

Lucian alikosa goli la kwanza na la pili. Kiwanja kikaanza: Mtoeni! Mtoeni! Justin akanitazama. Nikakalia mikono yangu yote miwili. Akafunga moja. Akadondosha. Akafunga moja tena, la mbali, na hata yeye alishangaa. Dakika za mwisho tuko nyuma kwa vikapu viwili, akapata mpira chini ya ringi, wawili wamemkaba, akaruka vile anavyoruka, akakosa.

Nilimtafuta Fakihi kwa macho, nikaona amejaza kifua.

"Wewe mchimba ming'oko!" akanguruma. "Hata Dominic angekosa hapo!"

Kicheko kilichotoka kiwanjani kilikuwa kingine kabisa, na Lucian alikuwa ndani yake, akikimbia kurudi kulinda goli huku anacheka.

Tumefungwa, 38 kwa 33. Hatuendi popote. Msimu umekwisha na mgongo wangu unauma palepale.

Baadaye nilikuwa nakusanya jezi kwenye gunia. Nyingine zote zilirudi. Lucian akaja na yake mkononi, hakuitia. Akauliza kama Mama Julia ana sindano na uzi, kwapani bado pako wazi tangu Fakihi alipopapasua.

"Umecheza nayo imechanika hivi wiki mbili nzima?" nikamwuliza. "Kwa nini hukushona?"

Akaingiza vidole kwenye lile tundu, akavitazama vilipotokea upande wa pili.

"Nilikuwa sijajua kama nitakaa, mwalimu."

Mama Julia alimpa uzi mweupe, mwekundu haupo. Alikaa kwenye ngazi yetu akashona mpaka mwisho, mishono mikubwa mibaya, na hakudondosha sindano.